Bisibisi na Kompyuta ya Mama

Kila siku alasiri nyumba ya kina Bisibisi ilinyamaza. Bisibisi akirudi kutoka shuleni alivua viatu mlangoni, akafunga madirisha ya upande wa barabara, kisha akaenda jikoni kukaza bomba lililopenda kudondosha maji. Baba, kama hakuwa kazini, alikatazwa hata kukohoa. Hapo ndipo Mama alipoingia katika chumba kidogo chenye mablanketi yaliyotundikwa ukutani kuzuia mwangwi, akaketi mbele ya kompyuta yake kuukuu, akaanza kusoma kwa sauti.

Mama alikuwa akirekodi vitabu vya masomo kwa ajili ya wanafunzi wasioona wa shule iliyokuwa mtaa wa pili. Yeye alisoma, kompyuta ikahifadhi sauti, na wanafunzi wakasikiliza. Walimjua kwa sauti kuliko walivyowajua baadhi ya walimu wao, na Mama alijivunia jambo hilo waziwazi.

Bisibisi halikuwa jina lake halisi. Hilo halisi lilitumiwa na mwalimu tu wakati wa kuita mahudhurio. Aliitwa Bisibisi kwa sababu tangu utotoni hakuona skrubu akaiacha. Alifungua saa, redio na pasi ya umeme. Vingine alivirudisha vikiwa vizima, na vingine, tuseme ukweli, vilibakiza skrubu mkononi. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na katika klabu ya kompyuta ya shule hakuna aliyemfikia.

Baba yake alikuwa mpaka rangi. Kwa mpaka rangi yeyote kazi huanza kwa kufunika: sakafu, meza, vitasa vya milango, kila kitu nailoni juu. Baba alikuwa ameibeba tabia hiyo hadi nyumbani. Makochi yalikuwa bado yamevaa nailoni za dukani, na siku za joto ukitaka kusimama ilibidi ujibandue taratibu. Rimoti ilikuwa ndani ya mfuko. Hata jokofu lilikuwa na utando wake mlangoni, japo lilinunuliwa Bisibisi akiwa hajaanza shule. Mtu akigusa tu ukingo wa utando wowote, Baba alipaza sauti, "Usibandue!" Bisibisi, aliyemsaidia kazi siku za mapumziko, alikuwa amelisikia neno hilo mpaka likamkaa vidoleni.

Siku moja Mama alikuwa akimalizia sura ndefu ya kitabu cha historia. Alipobonyeza kuhifadhi, kompyuta iliganda. Alisubiri. Akasubiri tena. Mwishowe skrini ikawa nyeusi, na sura nzima ikapotea. Mama alivua vifaa vya masikioni, akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Safari hii nimechoka," alisema. "Watoto wanafanya mtihani mwezi ujao na kitabu hakijaisha. Afadhali nimwambie mwalimu wao atafute msomaji mwingine, mwenye kompyuta ya maana."

Bisibisi alishtuka. Mama kuacha kusoma! Hilo lilikuwa sawa na kumwambia Baba aache rangi.

"Mama, usimpigie kwanza," alisema. "Kompyuta haijafa. Prosesa yake ndiyo imezeeka."

"Prosesa ndiyo nini hiyo?" Baba aliuliza kutoka sebuleni.

"Ni kile kipande kinachofanya hesabu zote humo ndani, Baba. Kila Mama akibonyeza kitu, chenyewe ndicho kinachohangaika. Programu za kurekodi zimekuwa nzito, nacho ni kilekile cha zamani. Tunaweza kukitoa, tukaweka chenye nguvu zaidi, tukaongeza na memori. Nimeshafanya hivyo shuleni kwenye kompyuta mbovu."

"Mbovu!" Baba alidakia. "Hiyo hata ukiiua nani atajua? Hii ya mama yako bado nzima."

"Uzima gani huu, Baba Bisi?" Mama alisema. "Mwache mtoto ajaribu. Nimemwamini."

Neno hilo la mwisho lilimfanya Bisibisi avimbe kwa furaha.

Kesho yake alikwenda na Baba kwa muuza vipuri vya kompyuta, mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vipuri. Bisibisi alimwonyesha kiganja, maana alikuwa amenakili hapo namba ya ubao mkuu wa kompyuta, ule ambao vifaa vyote vya ndani huchomekwa.

"Haya, huyu anajua anachotaka," alisema Mama Vipuri. "Wengi wanakuja hapa wananiambia, 'Nipe kubwa.' Prosesa siyo kiatu, mwanangu. Huwezi kusema itapanuka ukishaivaa. Ni lazima ikubaliane na ubao wake."

Alitoa prosesa iliyotumika, iliyotoka katika kompyuta ya ofisi, akaichomeka kwenye mashine yake ya majaribio mbele ya macho yao. Mashine ikawaka. "Mmeona wenyewe? Nzima. Mimi siuzi kitu ambacho sijakiona kikipumua." Kisha akawapa memori, feni mpya iliyoungwa na chuma chake cha kupoza joto, na bomba dogo la pesti ya kupaka katikati ya prosesa na chuma hicho ili joto lipite. "Prosesa yenye nguvu ina joto zaidi," alieleza, "kwa hiyo feni ya zamani msiirudishe. Mkikwama, nipigieni."

Jumamosi asubuhi kazi ilianza. Baba alikuwa ameshatandaza nailoni juu ya meza ya kulia.

"Baba, samahani, hii naomba tuitoe," Bisibisi alisema. "Nailoni inaweza kuleta umeme mdogo usioonekana, ukaua vifaa."

Baba aliitazama nailoni yake kama mtu anayeagana na rafiki, akaikunja. Bisibisi alishika kwanza chuma cha kasha la kompyuta ili umeme wowote ulio mwilini umtoke, akafungua skrubu, akavuta ubavu wa kasha. Vumbi la miaka lilikuwa limelala ndani, limekuwa kama sufi. Alilipuliza na kulifagia kwa brashi laini ya rangi aliyoazimwa na Baba. Akatoa feni ya zamani, akainua kijiti cha kubana, akaitoa prosesa kuukuu. Ile nyingine aliishika kingoni tu, akalinganisha alama ya pembetatu ya kwenye kona na alama ya kwenye ubao, akaiachia. Ikazama mahali pake bila kusukumwa. Memori nazo zikalia kwa kubana, ta! ta! Mama, aliyekuwa amesimama nyuma akiuma kucha, akapiga makofi.

Ikabaki feni mpya. Alipaka pesti kidogo juu ya prosesa, kama punje ya maharage. Alipoigeuza feni aliona chini ya chuma chake utando laini wa plastiki, safi, unang'aa. Kidole chake kiligusa ukingo wa utando, kikasita. Kitu kipya hakibanduliwi. Akauacha, akaifunga feni juu ya prosesa, akakaza skrubu zote nne, na safari hii hakuna iliyobaki mkononi.

Kompyuta iliwaka kwa kufumba na kufumbua. Programu ambayo zamani ilimpa Mama muda wa kuchemsha chai, sasa ilifunguka kabla hajavuta kiti. Mama alimpigia simu mdogo wake palepale. "Ndugu yangu, mwanangu ameifungua kompyuta yote, ameitia prosesa nyingine kwa mikono yake! Wewe unacheka? Huyu ni mhandisi, nakwambia!" Bisibisi alijifanya hasikii, huku akipanga bisibisi zake mara mbili mbili.

Mama akaingia chumbani kurekodi. Hakufika mbali. Kompyuta ilizimika ghafla, fyu! Wakaiwasha, ikaenda vizuri, kisha ikazimika tena. Mara ya tatu vilevile. Uso wa Mama ukamshuka, akatoka chumbani.

"Nilijua!" Baba alifoka. "Ametuuzia prosesa mbovu." Hakungoja. Alichukua simu, akampigia Mama Vipuri, akamwambia maneno makali: kwamba anawaibia watu, na kwamba mtaa mzima utajua biashara yake ni ya aina gani. Sauti ya upande wa pili ilikuwa tulivu. Ilisema waipeleke prosesa, kama ni mbovu atawapa nyingine.

"Itoe, tunampelekea sasa hivi," Baba aliamuru, akaenda uani kutafuta viatu vyake.

Bisibisi alifungua kasha peke yake. Alipoiinua feni, ilikuwa vuguvugu. Chini yake ule utando ulikuwa umejikunja, pesti yote imegandamana juu yake, na chuma hakikuigusa prosesa hata kidogo. Alielewa papo hapo. Joto lilikosa pa kupita, na kompyuta ilikuwa ikijizima ili isiungue. Prosesa ilikuwa nzima. Mama Vipuri hakuwa na kosa lolote.

Alitazama mlangoni. Hakuna mtu. Angeweza kuubandua ule utando, kuufinyanga na kuutia mfukoni. Prosesa ingebadilishwa, kompyuta ingepona, naye angebaki mhandisi wa Mama. Nani angejua? Mama mdogo alishaambiwa. Shuleni wenzake wangeulizia Jumatatu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni akifikiria wangesema nini.

Lakini kila alipoufinya utando ule aliisikia sauti tulivu ya Mama Vipuri ikijibu matusi ambayo hakuyastahili. Akapiga moyo konde, akatoka uani utando ukiwa umemnata kidoleni.

"Baba, usivae viatu," alisema, na mkono ulimtetemeka. "Prosesa siyo mbovu. Ni mimi. Huu ulikuwa chini ya feni, nikauacha. Nilitakiwa niubandue."

Baba aliutazama utando, akamtazama binti yake. "Uliuona?"

"Niliuona."

"Sasa mbona hukuubandua?"

Bisibisi akauinamia utando kidoleni. Baba akageuza shingo polepole kuelekea sebuleni, ambako makochi yalimeremeta ndani ya nailoni zao, na akajishika kichwa.

"Lo! Usinijibu," alisema. "Nimeshamjua mwalimu wako."

Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka mpaka akajishikilia fremu. Baba hakucheka. Alichukua simu tena, na mbele ya mkewe na mwanawe akasema, "Mama, nimekukosea. Bidhaa yako ni nzima, kosa ni letu. Nimekuvunjia heshima bila sababu, naomba radhi." Alisikiliza kidogo, kisha akampa Bisibisi simu. "Anakutaka wewe."

"Umeligundua mwenyewe?" Mama Vipuri aliuliza.

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba. Wengi wanalijua kosa lao na bado wananiletea kesi. Sikiliza: futa pesti yote kwa kitambaa safi chenye spiriti, prosesa na chuma pia, halafu paka mpya. Na likizo ikifika uje hapa dukani. Nahitaji mtu wa kufungua kompyuta ambaye akiharibu atasema."

Bisibisi alifuta, akapaka, akafunga. Mama alirekodi alasiri yote, na kompyuta haikuzimika wala kuganda. Kabla ya mwezi kwisha kitabu kizima cha historia kilikuwa tayari.

Siku ya kupeleka rekodi walikwenda wote watatu. Darasani wanafunzi walisikiliza sura ya mwisho kwa utulivu mkubwa, mpaka msichana mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono.

"Samahani, Mama. Nyuki ameenda wapi?"

"Nyuki gani?" Mama alishangaa.

Darasa zima likacheka. "Zamani kulikuwa na nyuki nyuma ya sauti yako," msichana alieleza. "Alikuwa akivuma tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Leo tunakusikia wewe tu. Hata unapovuta pumzi!"

"Alikuwa feni ya zamani ya kompyuta yangu," Mama alisema, na machozi yalimlengalenga. "Aliyemfukuza ni binti yangu, huyu hapa."

Makofi yalijaa darasa. Bisibisi alitamani kujificha na pia alitamani yasiishe. Yalipotulia, Baba, ambaye hakuwa mtu wa kusema mbele za watu, alisogea mbele.

"Na mimi niongeze," alisema. "Huyu alikosea mara ya kwanza. Mimi nilikimbilia kumlaumu mtu asiye na hatia. Mwanangu angeweza kuficha, tusingejua milele. Lakini alinijia mwenyewe, mkono unamtetemeka, akaniambia kosa ni lake. Watoto wangu, kazi ya mikono mtajifunza, na mtakosea, kila fundi hukosea. Likitokea, semeni mapema, kabla mtu mwingine hajabebeshwa lawama. Nimejivunia kompyuta, ndiyo. Lakini siku ile pale uani, akiwa na utando kidoleni, ndipo nilipojivunia zaidi kuitwa baba yake."

Bisibisi hakujua atazame wapi. Msichana wa mstari wa mbele alinyoosha mkono hewani, akautafuta wa Bisibisi mpaka akaupata, akaushika.

"Bado unatetemeka," alisema akicheka.

"Ndiyo," Bisibisi alijibu. "Lakini leo ni kwa furaha."