Kioo Kilichofukizwa Ubani

Asubuhi kilikuwa kitabu cha Kiingereza. Alasiri, Umi alipokigusa tena kioo, maneno yote yalikuwa Kiswahili, tena cha kwao Utende. Hakushangaa sana, maana kile kidude cha kusomea vitabu kilikuwa na vituko vingi. Mgeni aliyemwachia, pale hotelini anakosafisha vyumba, alimfundisha: gusa kulia, ukurasa unasonga, gusa kushoto, unarudi, kandamiza jina la mtu, kisanduku kitakwambia ni nani, chini utaona sura imebakiza dakika ngapi.

Ila siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na mama mkwe wake, Bi Mwanamkuu, alipofukiza msahafu na juzuu za nyumba, alikipitisha na kidude juu ya chetezo.

"Kitabu ni kitabu, mwanangu," alisema.

Masikini, alisahau. Ubani penye neno la Mungu ni baraka. Pasipo nalo, majini huuchukulia kuwa ni mwaliko.

"Kombo alikuwa uani akifua nazi," Umi akasoma, akacheka. Mumewe alikuwa uani kweli, makumbi yakisikika yakichanika. Akalikandamiza jina. Kisanduku kikafunguka: *Kombo. Mume wa Umi. Anachomwa mkono ukurasa ujao.*

Harufu ya ubani iliyokwisha kutoka ikarudi, imechanganyika na shombo la damu. Umi akashtuka, na kidole gumba kikagusa kulia.

Ukelele ukatoka uani. Alimkuta Kombo amepiga magoti, chuma cha kifuo, kile cha kufulia nazi, kimemtokeza kiganjani.

"Kuna mtu kanikandamiza mkono," Kombo alinong'ona. "Yuko nyuma yangu."

Nyuma yake hapakuwa na mtu. Umi, kidude bado mkononi, akawaza jambo moja tu: kurudi. Akagusa kushoto. Chuma kikachomoka, kidonda kikajifunga, Kombo akashusha pumzi. Kisha mkono ule ule ukanyanyuliwa juu na kitu kisichoonekana, ukashindiliwa tena chumani kwa nguvu maradufu, mfupa ukalia, damu ikaruka, na tone moja likaangukia upande wa kulia wa kioo, na ukurasa, ambao haujui kutofautisha kidole na damu, ukafunuka wenyewe.

*Sasa shingo. Zimebaki dakika mbili.*

Kichwa cha Kombo kikaanza kugeuka polepole kuelekea mgongoni. Umi akakishika, akavuta kwa nguvu zake zote, kikamshinda.

Bi Mwanamkuu akaja mbio kutoka ndani. "Nipishe nikivunje hiki kidude," Umi alisema, macho kwenye kinu.

Mkwewe akamzuia. "Jini ni mgeni, usimvunjie kiti kabla hujampa kingine. Ngoja nimwite Shehe Matano amtoe."

"Atamkuta maiti, mama."

Akakitupa kinuni, akakamata mchi, akatwanga. Kila pigo lilijibiwa na mguno mzito kutoka ndani ya kinu, na yeye akatwanga, akalia, akatwanga, hadi kidude kikawa chenga na uani kukanyamaza.

Kombo akaanguka chali, shingo imenyooka, anapumua. Umi akapiga magoti, akalia kwa furaha, akamfuta damu shingoni kwa kidole.

Ngozi ilikuwa baridi na laini kama kioo. Chini ya kidole chake kisanduku kikafunguka, herufi nyeusi juu ya ngozi: *Kombo. Mume wa Umi. Imebaki dakika moja.*

Kidole kikaganda palepale. Hakuthubutu kukisogeza kulia, wala kushoto.

"Toa mkono, mke wangu," Kombo alisema taratibu. "Unaniumiza."