Kadi Iliyohamishwa

Kila Jumamosi Chapuchapu alifagia nyumba kabla chai haijachemka, na kila Jumamosi mama yake alifagia tena nyuma yake. Jina hilo alipewa na bibi yake, maana msichana huyo wa miaka kumi na miwili hakujua kutulia. Akifua soksi, moja huanikwa na povu lake. Akitumwa, huwa ameshafika barabarani kabla hajaambiwa alichotumwa. Lakini Jumamosi hii ufagio ulikwenda na kurudi mahali pamoja, mlangoni pa chumba cha kazi cha mama, na masikio yake yote yalikuwa humo ndani.

Mama yake alikuwa mchoraji wa ramani za majengo. Saa nne wakubwa wa zahanati wangefika kutazama wodi yao mpya kwenye kompyuta, ikionekana kana kwamba mtu anatembea ndani yake, chumba hadi chumba. Kompyuta ilikuwa ya zamani na kazi hiyo ilikuwa ikiishinda, ndiyo maana jana fundi alileta kadi mpya ya picha, ile inayobeba kazi ya kuchora kila kinachoonekana kwenye skrini. Aliifunga, wakaijaribu, wodi ikaenda bila kukwama. Leo wodi hiyohiyo ilikuwa inaruka na kuganda.

"Umeniuzia mbuzi kwenye gunia, fundi," mama alikuwa akisema kwenye simu. "Jana mbele yako inakimbia, leo inachechemea. Jirani aliniambia kadi mpya haipatani na ubao wa zamani, huu wa ndani unaounganisha kila kitu, nikamwona mbishi. Hapana, hakuna aliyeigusa. Njoo uichukue. Na ile kazi ya kompyuta za zahanati niliyokuombea, nitawaambia watafute mtu mwingine."

Ufagio wa Chapuchapu ulisimama. Aliyeigusa alikuwepo, tena ameshika ufagio.

Jana jioni, mama alipokwenda sokoni, alifungua kasha la kompyuta ili aione hiyo kadi iliyosifiwa nyumba nzima. Angetazama tu. Lakini macho hayakumtosha, akafungua skrubu na kuivuta. Hakujua kwamba mwishoni mwa sloti, ule mwanya mrefu ambamo kadi huchomekwa, kuna kibanio cha plastiki kinachobonyezwa kwanza. Kikakatika. Kwa hofu alitupa kipande, na kwa kuwa chini ya sloti ile kulikuwa na nyingine ya urefu uleule yenye kibanio kizima, akaihamishia kadi humo. Skrini iliwaka, naye akajiambia mambo yamekwisha.

Fundi alifika saa tatu na robo, jasho likimtiririka, mfuko wa vifaa begani. Alisalimu, akapiga magoti na kulifungua kasha. Kisha akainama zaidi, akachungulia ndani.

"Mbona kadi iko huku chini?" aliuliza. "Na kibanio cha juu kimevunjika."

"Aliyeifunga si wewe?" mama alimjibu, akitazama saa ya ukutani. "Au unataka kusema imetembea?"

Fundi alijifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, lakini uso wake ulishuka kama wa mwanafunzi aliyesahau daftari. "Sijui, dada. Jana nilitoka kwenye kazi nyingine mbili. Labda nilichoka, nikakosea. Nisamehe."

Hapo Chapuchapu alishindwa. Kumsikia fundi akigombezwa kulikuwa kubaya, lakini kumsikia akiomba radhi kwa kosa lisilo lake kulimuumiza zaidi. Ufagio ulimponyoka.

"Si yeye, mama," alisema. "Ni mimi. Nilitaka kuiona, nikakivunja kibanio, nikaihamisha ili usijue."

Mama alimtazama, kisha akaitazama saa. Msichana angefurahi zaidi kama angegombezwa. Fundi akamwita aje ashike tochi.

"Mulika hapa. Sloti hizi ni ndefu sawa, lakini ya juu ina njia kumi na sita za kupitishia kazi ya kadi. Hii ya chini ina nne tu, tena za mtindo wa zamani zaidi. Ulikuwa unaipitisha harusi nzima kwenye uchochoro."

"Na ubao wangu wa zamani?" mama aliuliza taratibu.

"Kadi ni ya kizazi kipya kuliko ubao, kweli. Lakini zinaelewana, ila kadi inakubali kwenda kwa mwendo wa ubao. Nilikagua sloti, umeme na nafasi ndani ya kasha kabla sijaileta." Aliirudisha kadi juu, akaikaza kwa skrubu ya nyuma. "Kibanio si neno. Skrubu itaishika, mradi kasha halitikiswi ovyo."

Saa nne kasoro dakika kumi wodi ilizunguka kwenye skrini bila kukwama hata mara moja. Mama alishusha pumzi, kisha akamgeukia fundi.

"Nimekukosea, kaka. Nimekuhukumu kabla ya kuchunguza. Wakubwa wa zahanati wakifika, kaa hapa, niwajulishe fundi wao wa kompyuta."

Chapuchapu alimpa fundi mkono na kumwomba radhi, machozi yakimlengalenga. Fundi alicheka, akasema hata yeye alijifunza kazi kwa kuvunja redio ya baba yake. Mama hakucheka. Alimshika binti yake bega.

"Kutaka kujua si kosa, mwanangu. Ungeniambia, fundi angekufundisha. Hata kuvunja ningekusamehe jana ileile. Lakini umenyamaza, na kimya chako kimenifanya nimwite mtu mwaminifu tapeli. Kibanio kimekatika, skrubu imeshika mahali pake. Jina la mtu likikatika, utalikaza na skrubu gani?"