Futi ya Shangazi

Magharibi ile mama alinituma dukani kwa shangazi nikaombe futi nyekundu, ule utepe wake wa kupimia nguo. Mdogo wangu alikuwa na siku ya tano hajafumbua macho, na daktari alishatuambia tumrudishe tu nyumbani. Nilijua maana yake. Sikutaka kuijua.

Shangazi, fundi cherehani aliyenifundisha kazi kwa miaka mitatu, alifungua droo bila kunitazama. Ile futi ilikuwa na joto. Ilinuka nywele zilizoungua.

"Mpime mzima kifundo cha mkono," alinong'ona. "Kila inchi ni mwaka wa maisha yake. Kisha mfunge mgonjwa palepale, miaka itamhamia. Mara moja tu, unanisikia? Ukirudia, haichukui miaka."

"Inachukua nini?"

Alizima pasi, akageukia ukuta.

Nyumbani nilimkuta mama ameshakunja mkono wa gauni. Nilimsihi tutumie mkono wangu.

"Wewe hata hujaanza kuishi," alisema, akacheka kidogo ili nisilie. Nililia hivyo hivyo.

Nikampima mama: inchi sita. Futi ikajikaza yenyewe... ssss...

Hapo ndipo nilipojiponza. Fundi hapimi mara moja. Kitambaa kikishakatwa hakirudi, na shangazi alinichapa vidole kwa rula hadi nikazoea kupima mara mbili. Akili yangu yote ilikuwa kwa mgonjwa. Mikono ikafanya ilichozoea.

Nikarudia kupima.

Mama hakupiga kelele. Aliketi sakafuni taratibu, macho wazi. Nilimtikisa. Nikamwita, nikamwita tena. Kifua kilipanda na kushuka, lakini ndani hamkuwa na mtu.

Nilichanganyikiwa. Mmoja nilikuwa nimeshampoteza kwa mkono wangu mwenyewe, na wa pili alikuwa anakata roho kitandani. Nikamfunga mdogo wangu ile futi.

Homa ikamtoka papo hapo. Akafumbua macho, mtoto wa miaka saba, akanitazama.

"Mwanangu," alisema kwa sauti yake ndogo, "umenipima mara mbili."

Nilimshika bega. "Mama... na mwenye mwili huu yuko wapi?"

Aliugeuza ule mkono mwembamba huku na huku, kama mtu aliyevaa nguo isiyo yake.

"Nilipoingia alinishika mkono," alinong'ona. "Sasa simsikii tena."