Maiti Mia Nne za Schaerbeek

Ilikuwa mwaka 1995, majira ya vuli, Jumapili ya pili ya mwezi wa Oktoba, jijini Brussels.

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Hamadi Kirumbi aliingia katika soko la silaha za kale, kwenye ukumbi wa maonyesho wa mtaa wa Schaerbeek, akiwa amebeba begani sanduku la singe za kale. Nje mvua ilikuwa ikinyesha. Ndani kulinuka mafuta ya bunduki, kahawa na makoti ya sufu yaliyolowa.

Kidude kilichokuwa sikioni mwake, kisichozidi punje ya harage, kilikoroma.

"Kirumbi. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Lori linaondoka saa tano kamili. Ndege inaruka saa nane."

"Nimeelewa."

"Hujaelewa. Nikifungua sanduku lisilo lenyewe kwa mara ya pili, kesho nitakuwa naongoza magari kwenye makutano ya Schuman. Nionyeshe bunduki moja iliyo hai. Moja tu."

Aliyesema hayo alikuwa Inspekta Élodie Maes wa polisi, aliyejibanza pamoja na watu sita ndani ya gari la mikate ng'ambo ya barabara. Mwezi wa Juni alikuwa amefungua masanduku matano ya mfanyabiashara Lucien Verhaak mbele ya mwanasheria wake. Alikuta bunduki zilizokufa. Akalazimika kuomba radhi kwa maandishi.

Bunduki katika soko hilo hufa kisheria. Mtutu huzibwa kwa chuma, pini hukatwa, muhuri hugongwa ubavuni. Tangu hapo huhesabiwa kuwa pambo, na mtu yeyote aweza kuinunua kwa risiti, kama anunuavyo saa ya ukutani.

Lucien Verhaak alikuwa na Kalashnikov mia nne. Masanduku arobaini, kila moja bunduki kumi. Zote zilikuwa na vyeti vya kifo. Hati za safari zilisema zilikuwa mapambo ya filamu.

Hamadi, jasusi wa Idara ya Usalama kutoka Dar es Salaam, alijua kwamba nyingi zilikuwa hai. Hakujua zipi.

Alijua pia zilikokuwa zikienda. Zilikuwa zikienda Zaire, katika milima iliyo juu ya mji wa Uvira, kwa genge lililokuwa limekwisha kuchoma mitaa miwili mwezi wa Septemba. Mtaa wa tatu ndio aliokuwa akiishi Laetitia na binti zake wawili. Laetitia alikuwa mke wa Désiré.

Naye Désiré alikuwa akimdai Hamadi.

Deni lenyewe, Hamadi alikuwa amelivaa miguuni.

Miaka mitatu iliyopita, Hamadi alikamatwa Uvira akifuatilia shehena nyingine ya Lucien. Alifungiwa ghalani siku tatu, gunia kichwani, miguu mitupu ili asiweze kukimbia juu ya mawe. Siku ya tatu, saa sita mchana, walinzi walipokuwa wakila, mlango ulifunguliwa. Alikuwa Désiré, dereva wa Lucien. Alimvua gunia, akamkata kamba, kisha akaketi sakafuni na kuvua buti zake mwenyewe.

"Vaa. Kimbia," alisema. "Utanirudishia."

Jioni ile Lucien alimpiga dereva wake risasi ya goti la kushoto. Mguu ulikatwa.

Mara mbili Mkuu wa Idara alimwamuru Hamadi azitupe buti hizo. Mara mbili hakutii. Wiki hiyo alikuwa amezipeleka kwa fundi zikatiwa soli mpya, maana leo, baada ya kazi, alikusudia kuzirudisha Matonge, mtaa wa Wakongo jijini humo, alikokimbilia Désiré. Akaona azivae kwa mara ya mwisho.

Jasusi hodari hufanya upumbavu mmoja. Huo ndio uliokuwa wake.

Alipanga singe zake mezani. Jirani yake wa kulia alikuwa Thérèse, mjane kutoka Liège, muuza mikoba ya ngozi ya bastola, mwenye miwani mizito na ulimi mkali.

"Hii ya mwaka gani?" Thérèse aliuliza, akiinua singe yenye kutu.

"Elfu moja mia tisa na kumi na moja, mama."

"Mimi ni wa ishirini na nane na sina kutu hivi. Nakupa faranga mia tano."

"Elfu moja na mia tano."

"Mwizi! Amka mapema zaidi ukitaka kuniibia." Akairudisha mezani. "Wewe ni mgeni hapa, nikufundishe. Kabla ya saa tatu tunauziana sisi wenye meza, na hapo ndipo penye faida. Baada ya saa tatu milango hufunguliwa, wanaingia watu wa kupapasa papasa na kuuliza choo kiko wapi."

Kweli ilikuwa hivyo. Ukumbi mzima ulikuwa ukinong'ona kama kanisa. Kofia za chuma zilibadilishwa kwa medali, medali kwa darubini. Hamadi aliuza singe nne kwa hasara na moja kwa faida, akanunua kofia asiyoihitaji ili asionekane bahili. Ile yenye kutu aliifutika ndani ya mkono wa koti.

Saa mbili na dakika tano alielekea kwenye meza ya mwisho, karibu na mlango wa kupakilia mizigo.

Lucien Verhaak alikuwa mnene, mwekundu wa uso, mchangamfu. Nyuma yake alisimama Joël, jitu la Lubumbashi lenye shingo pana kuliko kichwa. Hamadi aliitambua sauti ya Lucien kabla hajauona uso wake. Lucien hakumtambua. Kule Uvira hakuwahi kujisumbua kumvua mateka gunia.

"Karibu, papa! Unatoka wapi?"

"Dar es Salaam."

"Aah, Kiswahili ya kitabu! Mimi nilijifunza yangu Uvira, kwa wapishi na madereva. Bon, unatafuta nini?"

"Mapambo. Nina hoteli Arusha. Wageni hupenda bunduki ukutani."

"Wazungu!" Lucien alicheka, tumbo likitikisika. "Sisi wazungu tuko wazimu. Pièce moja, quatre mille."

"Elfu nne kwa chuma kilichokufa? Hata mazishi ni nafuu."

"Ukichukua kumi, trois mille cinq, elfu tatu na mia tano. Joël, muonyeshe papa."

Joël alichomoa bunduki katika sanduku la nne, akaitupa mezani kama jembe. Hamadi aliigeuza. Muhuri ulikuwapo. Mtutu ulikuwa umezibwa.

"Nyingine?"

Lucien mwenyewe alitoa moja katika sanduku la kumi na mbili, akamrushia kwa mkono mmoja huku akipiga miayo.

"Zile za juu ni za kuonyesha," alisema Hamadi. "Mimi ni mfanyabiashara pia. Naomba ya chini."

Lucien alimtazama kidogo. Kisha akatabasamu, kwa kuwa muhuri wa bandia aliuamini kuliko alivyomwamini mama yake. Aliinama, akafungua sanduku la thelathini na moja, akatoa bunduki.

Mkono wake wa kulia ukavuta mpini wa kukokea.

Chak.

Akachungulia chemba. Tupu. Ndipo akamkabidhi Hamadi kwa mikono miwili, mdomo wa mtutu ukitazama dari.

Hiyo ndiyo adabu ya soko la silaha: humpi mwenzako bunduki kabla hujamwonyesha kwamba haina kitu. Lakini adabu hiyo ni ya bunduki iliyo hai. Maiti hakuna anayempima pumzi. Kinywa cha Lucien kilikuwa hodari wa kudanganya. Mkono wake, baada ya miaka thelathini ya kazi, haukujua.

Thelathini na moja.

"Nitaifikiria bei," alisema Hamadi, akarudi nyuma hatua mbili.

Macho ya Lucien yalimsindikiza. Yalishuka kifuani, magotini, yakafika sakafuni. Yakaganda.

Kwenye kifundo cha buti ya kushoto palikuwa na mshono wa uzi wa buluu.

"Viatu mazuri," Lucien alisema polepole. "Nilikuwa na dereva mumoja, alishona yake na uzi kama hii. Nilimununulia mimi mwenyewe, Bukavu."

Chini ya koti la mvua alilolikunja mkononi Lucien, bastola ya Browning yenye kizuia sauti ilimtazama Hamadi tumboni.

"Tembea, papa. Ukipiga kelele, yule bibi wa mikoba anakufa wa kwanza."

Walipita mlango wa kupakilia. Ukafungwa nyuma yao.

Joël alimkamata shingo, akamchomoa kile kidude sikioni na kukisaga kwa kisigino. Neno la mwisho la Élodie lilikuwa "Kirumbi?"

Kisha ngumi. Ya kwanza ilivunja pua. Ya pili ilivunja ubavu. Hamadi alianguka juu ya saruji, mdomo umejaa damu, mbele ya magurudumu ya lori la Mercedes lililofunguliwa nyuma. Nusu ya masanduku yalikuwa yamekwisha kupakiwa.

"Hatungojei saa tano," Lucien alimwambia Joël. "Tunaenda sasa. Lete ile ya trente et un." Akainama juu ya Hamadi. "Na Désiré anaishi wapi siku hizi? Matonge, si ndiyo? Nilimuachia mguu mumoja. Alors, nitaenda kuchukua ule mwingine."

Hilo lilikuwa kosa lake. Angalipiga risasi kwanza.

Joël aliweka sanduku la thelathini na moja ukingoni mwa lori, akarudi kumwinua Hamadi kwa ukosi wa koti. Singe ya mwaka 1911 ilichomoka mkononi mwa koti, ikazama kwenye paja la jitu hilo hadi kwenye mpini.

Joël alinguruma.

Hamadi alizungusha mguu. Buti yenye soli mpya ilipiga taya, na taya likalia kama mti mkavu. Joël alirudi nyuma, akajishikiza kwenye rundo la masanduku, rundo likamwangukia. Mbavu zilisikika zikivunjika. Hakunyanyuka tena.

Puf. Puf.

Risasi ya kwanza ya Browning ilichana bega la Hamadi. Ya pili ilipasua sanduku la thelathini na moja. Bunduki zilimwagika sakafuni pamoja na maranda ya mbao, na ndani ya maranda mlikuwa na magazini zilizojaa risasi.

Hamadi alibingirika. Alinyakua bunduki. Akapachika magazini.

Chak.

Lucien alisikia mlio huo, na wekundu wote ukamtoka usoni. Hakuna aliyejua vema kuliko yeye kwamba ile haikuwa pambo.

"Tuongee, papa," alisema. "Sema bei. Combien?"

"Ulimpiga Désiré goti lipi?"

"Bei, nimesema! Kila muntu iko na bei!"

"Goti lipi, Lucien?"

Lucien aliinua Browning.

Mlio wa Kalashnikov ndani ya chumba cha saruji haufanani na kitu kingine chochote. Ulipasua vioo viwili, ukatikisa paa, ukawalaza wauza silaha mia mbili chini ya meza zao. Goti la kushoto la Lucien Verhaak lilitawanyika. Alianguka, bastola ikaruka mbali, akaanza kulia kwa lugha zote alizozijua.

Hamadi aliipiga bastola teke, ikatokomea chini ya lori.

Nusu dakika baadaye mlango wa nje ulivunjwa. Élodie Maes aliingia na watu wake sita, bastola mikononi.

"Sanduku lipi?"

"La thelathini na moja. Fungua na yote yaliyokuwa nalo kule chini."

"Hakimu ataniuliza nilijuaje kwamba iko hai."

"Mwambie uliisikia."

Inspekta alimtazama mtu aliyelala sakafuni, akatazama bunduki, akaanza kucheka bila sauti. Kisha akaamuru milango yote ifungwe na gari la wagonjwa liitwe.

Nyuma ya polisi, miwani mizito ilichungulia.

"Wewe wa singe!" aliita Thérèse. "Ile ya kumi na moja ungali nayo? Nakupa mia nane."

"Ina damu, mama."

"Basi elfu moja."

Saa sita mchana, Hamadi Kirumbi, pua na mbavu zimefungwa bendeji, mkono ukining'inia kwenye kitambaa, alipita katikati ya saluni za Galerie d'Ixelles, kule Matonge. Mashine za kukaushia nywele zilikuwa zikivuma. Kwenye kiduka cha mwisho, kati ya makopo ya mafuta ya nywele, alikuwa ameketi mtu mwenye mguu mmoja na mkongojo.

"Mungu wangu," alisema Désiré. "Walikufanya nini ku sura?"

"Bei haikuelewana."

Désiré hakucheka. Mikono yake ilikuwa imeushika mkongojo kwa nguvu. "Na lori?"

"Haliendi popote. Zote mia nne ziko mikononi mwa polisi. Lucien pia."

"Na Laetitia? Na batoto?"

"Mpigie simu paroko wa Uvira amwite. Mwambie leo alale usingizi."

Désiré aliinamisha kichwa. Mabega yake yalitikisika mara moja, mara mbili. Alipoinua uso ulikuwa umelowa, na kinywa kilikuwa kinatafuta mzaha wa kujifichia.

"Lucien... atatembea?"

"Kama wewe."

Mashine zilivuma.

Hamadi aliketi kwenye kigoda cha wateja. Kwa mkono mmoja, polepole, alifungua kamba za buti ya kulia, kisha za kushoto. Alipangusa tone la damu kwenye soli mpya kwa ukingo wa koti lake. Akaziweka mbili zote juu ya meza, katikati ya makopo ya mafuta.

"Ulisema nikurudishie."

Désiré aligusa uzi wa buluu kwa kidole.

"Miaka tatu, ndugu yangu! Hata benki haingekungojea." Aliichukua ya kulia, akaivaa, akagonga sakafu mara mbili kuipima. Kisha akainua ile nyingine. "Bon. Na hii ya gauche, ya kushoto, nitaifanya nini?"

"Hilo si deni langu."

Ndipo Désiré alipocheka, hadi wasusi wa saluni ya jirani wakatoa vichwa nje. Alikuwa angali anacheka alipoinua simu na kuanza kupiga tarakimu za Uvira.

Hamadi alisimama, akafunga vifungo vya koti, akatoka. Mvua ilikuwa haijakatika. Soksi zake zililowa kabla hajavuka barabara.

Hakuharakisha.