Udi wa Kumshangilia Mfalme

Udi kwenye chetezo cha Raiya ulianza kunuka damu. Si damu ya samaki, hiyo Mambrui nzima imeizoea, bali damu mbichi ya machinjioni. Raiya akaongeza ubani, hakujali. Siku ile nani angejali?

Habari zilikuwa zimefika kwa simu baada ya adhuhuri: mfalme aliyepinduliwa kwao visiwani amefia uhamishoni, Ulaya huko. Mtaa huu ni wa watu waliomkimbia. Safaa, binti pekee wa Raiya, ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, na wengine wakapokea. Picha ya marehemu ikatupwa chini, ikakanyagwa. Raiya, ambaye babake alichinjwa mbele ya macho yake kwa amri ya mfalme huyo, alimwaga marashi uani akamwambia nduguye Sufyan alete ngoma.

Bi Nana, mganga wa pale mtaani, akaja anatweta. Akawaambia kwamba mfalme alikuwa na jini la ukoo, alilinywesha damu za watu, na sasa limebaki bila mtu wa kumpanda kichwani.

"Nanyi mnalifukizia udi, mnalipigia ngoma, mnataja jina la bwana wake," alisema. "Wanangu, sisi waganga majini tunayaita hivyo hivyo. Zimeni."

Wakamcheka. Raiya, na ulimi wake ule, akamjibu kuwa maiti hana meno. Sikio la kufa halisikii dawa!

Safaa alikuwa akicheza, akasimama ghafla, shingo imempinda, akamwendea mjomba wake polepole, akamshika mkono kama anayemwamkia, akaanza kumvunja vidole kimoja baada ya kingine, na Sufyan alipofungua kinywa kupiga ukelele binti yule akamrukia kooni kwa meno, akang'ata, akavuta, damu ikaruka hadi kwenye makaa ya chetezo, na ngoma, jamani, ngoma ikaendelea kulia bila mkono juu yake.

"Magoti," likasema jini kwa sauti nzito ya kiume.

Raiya aliijua sauti ile. Mara ya mwisho kuisikia, babake alikuwa hai bado. Majirani nao waliijua. Wakapiga magoti wote, hata waliokuwa wakikanyaga picha.

Bi Nana alimnong'oneza Raiya kwamba likikaa kwa mtoto mpaka magharibi, halitoki tena.

"Na likihamia kwangu?"

"Litatoka kwake. Kwako sitaliweza, mwanangu."

Raiya hakungoja. Alikiinua chetezo kwa mikono mitupu, ngozi ikaungua, akauvuta ule moshi mpaka kifua kikajaa. "Udi ni wangu, aliyekuita ni mimi. Mwachie mwanangu."

Safaa akaanguka. Alipofumbua macho akajipangusa midomo, akaitazama damu. "Mama, nimefanya nini?"

Raiya alitaka kumkumbatia. Alitaka kuwaambia majirani wainuke wambebe Sufyan hospitali, kwani alikuwa angali anakoroma. Akafungua kinywa, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Nani alikuwa wa kwanza kushangilia kifo cha bwana wangu?"

Raiya, huko ndani alikofungiwa, aliwasihi wanyamaze. Hakuna aliyemsikia. Vipaji vya nyuso vikiwa mchangani, majirani waliinua mikono, wakamwonyesha Safaa.