Glavu Zisizo na Uso

Jumamosi soko la Rochester, Marekani, hujaa hadi mtu akikanyagwa hajui amlaumu nani. Verlene Tolliver, katika koti lake la manjano na kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe, alikuwa amebeba kapu la matufaha alipogongwa kwa nyuma. Matufaha yakatawanyika chini ya meza ya muuza jibini. Aligeuka kwa hasira. Kijana mrefu, miwani imempanda kichwani, alikuwa akichezesha midomo haraka haraka. Verlene akagusa sikio: mimi ni kiziwi.

Kijana akaweka kiganja kifuani, akakizungusha. "Tafadhali," mkono wake ukasema. "Tafadhali, tafadhali, tafadhali!"

Verlene akaangua kicheko. Samahani husemwa kwa ngumi. Huyu alikuwa amefungua kiganja, na badala ya kuomba radhi alikuwa anabembeleza.

"Tafadhali nini?" akamuuliza polepole kwa mikono. "Unataka matufaha, au unataka mwenye matufaha?"

Kijana alielewa nusu ya swali, akalikubali lote kwa kichwa.

"Kha! Wewe bwana una haraka!"

Huyo ndiye Renato Baluyot, mhandisi, mtoto wa wauguzi Wafilipino, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza lugha ya alama. Theluji haikuyeyuka kabla mapenzi hayajakolea. Verlene alikuwa fundi wa meno ya bandia, na kila mapumziko ya mchana simu yake ilitetemeka, uso wa Renato ukajaa kwenye kioo.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Weka hicho kikombe chini. Unaongea kama mtu mwenye tonge mdomoni."

"Samahani, mama."

"Mama yako yuko New Jersey. Na uso wako umekufa tena. Ukiuliza swali, inua nyusi. La sivyo unanitangazia habari."

"Unanipenda."

"Nyusi!"

Renato akazipandisha hadi zikakaribia nywele. "Unanipenda?"

"Sasa umeuliza. Jibu utalipata jioni."

Kampuni aliyofanyia kazi Renato ilikuwa ikitengeneza glavu. Kiziwi akizivaa, nyaya zinasoma vidole vyake, na kisanduku kidogo kinatamka maneno kwa sauti. Siku alipomvisha Verlene, machozi yalimlengalenga Renato.

"Mpenzi, sasa una sauti."

"Nilikuwa nayo. Nyinyi ndio hamkuwa na macho." Verlene alitabasamu asimvunje moyo, kisha akazitazama glavu tena. "Na uso je? Nikitikisa kichwa kukataa, hiki kisanduku kitajuaje?"

"Hilo litakuja kwenye toleo lijalo. Wafadhili wanataka kuona kitu mwaka huu."

"Mliwauliza viziwi?"

"Si nimekuuliza wewe?"

"Umeniuliza glavu zikiwa tayari zimeshonwa, Renato."

Renato akambusu paji la uso, maneno yakaishia hapo. Mapenzi yana namna yake ya kunyamazisha hata mikono. Wiki iliyofuata kampuni iliomba picha ya tangazo, na Verlene akapigwa akiwa na glavu, anacheka, koti la manjano limemkaa kama la bibi harusi.

Baba yake, Mzee Amos, alikuwa mpiga chapa mstaafu na shemasi wa kanisa la viziwi. Alizaliwa kiziwi, kama binti yake. Mikono yake ilikuwa mikubwa na mipole, na alipoongoza sala, watu walisema wanaona mbingu zikifunguka. Kisukari kilikuwa kimemchosha. Kidonda kilimwota mkono wa kulia, na siku moja Verlene akiwa kikazi mji wa Buffalo, homa ikampanda mzee, jirani akamkimbiza hospitali.

Hospitali ile ilikuwa imeanza kuzijaribu zile glavu badala ya kuita mkalimani. Verlene alipofika, baba yake alikuwa amelala, mkono wa kulia umefungwa bandeji kubwa. Mzee aliamka, akamweleza binti yake kwa mkono wa kushoto.

"Daktari aliniandikia kwenye kioo cha simu kwamba lazima vidole vitatu vikatwe. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia sijaelewa, msikate vidole, mleteni mkalimani kwanza."

Verlene alijua alivyomjibu daktari. Alisema kama wasemavyo viziwi wote: mkono wa kushoto, ndani ya glavu, ulionyesha kuelewa, kichwa kikakana. Mkono ukaonyesha kukata vidole, kichwa kikakana tena. Kisanduku hakikuwa na macho ya kuona kichwa. Kikatamka kwa sauti nzuri: Nimeelewa. Kateni vidole. Na watu wote chumbani walikuwa wanakitazama kisanduku.

"Kwa nini ulikubali kuivaa glavu, baba?"

Mzee akaelekeza kidevu ukutani. Pale ilibandikwa picha ya msichana mwenye koti la manjano, anacheka.

"Niliona ni wewe," akasema.

Verlene akapiga magoti kando ya kitanda. Hakuomba kitu. Alimtazama Mungu tu, kama mtoto amtazamavyo mzazi aliyempiga bila kumwambia kosa.

Renato alimkuta kwenye maegesho ya magari.

"Verlene, nimesikia. Wanasema huenda kidonda kingevila vidole hata hivyo..."

"Huenda! Na huenda dawa ingetosha. Nani alimuuliza akajibiwa?"

"Sikujua kwamba..."

"Ulijua! Nikiongea nawe, huwa unatazama wapi?"

Renato akagusa shavu lake. "Usoni."

"Mgeni ndiye hutazama mikono. Wewe hukuwa mgeni. Umekula mezani kwetu, umejua uso ndio unaobeba ndiyo na hapana, halafu ukashona glavu mbili ukaziita sauti yangu."

"Nirekebishe vipi? Niambie."

"Nenda kawaambie wao. Mimi nilishakuambia."

Hakuzipokea simu zake tena. Ila alisikia habari zake kanisani, maana kwa viziwi siri haina pa kujificha. Renato alisimama mbele ya wakuu wa hospitali akiwa na mkalimani na viziwi waliokubali kuja, akawaeleza kosa bila kujitetea. Glavu zikaondolewa, wakalimani wakarudishwa. Kampuni ikamfukuza. Akapata kazi ya kufundisha shule huko Oregon, ng'ambo ya pili ya nchi.

Alikuja nyumbani kwa mzee kuaga Jumapili baada ya ibada. Verlene alimwona kupitia dirisha, amekonda, shati limepigwa pasi upande mmoja tu, na moyo wake ukamwendea kabla ya miguu. Mzee Amos alifungua mlango mwenyewe.

"Ingia, mwanangu. Msafiri haondoki bila kuombewa."

Katika nyumba ile hakuna afumbaye macho wakati wa sala. Ukifumba, hujasali. Wakasimama watatu, wakatazamana. Mzee akamwombea Renato safari, akawaombea wanafunzi wake. Alipofika kwenye neno samehe, akanyoosha kiganja cha kushoto. Neno hilo husemwa kwa ncha za vidole kupita juu ya kiganja, kama mtu anayefuta vumbi mezani. Ncha hazikuwapo. Kidole cha mwisho kikapita peke yake, polepole, toka mwanzo wa kiganja hadi mwisho wake.

Verlene alimsindikiza hadi barazani.

"Mzee amenisamehe," Renato alisema. "Na wewe?"

"Nimekusamehe wewe. Msichana wa ile picha ndiye niliyeshindwa kumsamehe. Na nikiwa nawe, mpenzi, nitakuwa yeye kila siku."

"Nitakungoja."

"Usiningoje. Unaniumiza zaidi."

Mikono ya Renato ikainuka tena, imejaa maneno. Verlene alijua kwamba akiyaona atakubali. Akafumba macho.

Akasimama hivyo gizani mwake. Kwa nyayo alizisikia mbao za baraza zikitetemeka chini ya hatua za Renato, zikapungua, zikatulia.