Nyasi za Upande wa Kushoto

Mimi na mama tunafua mashuka ya hospitali. Yakikauka, tunayakunja pamoja, kila mmoja kashika ncha zake. Mama akisogea, nami nasogea. Zamani tulikuwa watatu. Dada yangu aliugua, akafariki mwaka jana, na tangu hapo mama akawa hakanyagi uwanja wa mpira.

Sisi wafuaji tuna timu ya mpira. Dada alikuwa beki wa kushoto, na sauti yake nzito ndiyo iliyotuongoza. Mimi ni kiungo, na nikisema ukweli, nilikuwa naukimbilia mpira tu, kama kuku aliyeona punje.

Baada ya msiba tulifungwa mechi sita mfululizo. Mabao yote yalipitia kushoto. Kocha aliweka beki mpya, binti mwenye mbio tunayemwita Kijiko. Dakika kumi hazipiti, naye kahamia katikati. Tulimuuliza kulikoni, akasema pale pana baridi. Tulicheka, lakini hakuna aliyekwenda kuhakikisha.

Tungefungwa tena katika mechi ya mwisho Jumamosi, timu ingeshuka daraja na kuvunjwa. Sikutaka. Timu ile ndiyo kitu pekee cha dada kilichokuwa kimenibakia.

Alhamisi tulifanya mazoezi kwenye ukungu. Mtunza uwanja, mwanamke mzee aliyecheza beki ujanani, alituita upande wa kushoto, karibu na goli letu. Uwanja wetu ni vumbi tupu. Pale nyasi zilifika magotini.

"Hizi sikupanda mimi," alisema. "Zimeota kwa sababu hamkanyagi. Mnapazunguka kama kaburi."

Kipa alianza kulia. Mtunza uwanja alimngoja anyamaze.

"Mlieni mwenzenu, ni haki yake. Lakini nafasi mkiiacha wazi, wapinzani wataiingia."

Kisha akatufundisha. Kabla mpira haujakufikia, geuza shingo, tazama nyuma na pembeni. Beki akipanda kushambulia, kiungo wa karibu ashuke kuziba nafasi yake. Mpira ukienda kulia, wote msogee kulia, msiachane mbali. Na semeni. Anayeona hatari amwambie asiyeiona.

Nilielewa upesi, maana ndivyo tunavyokunja mashuka. Tulitembea bila mpira, tukisogea pamoja, mpaka tukasimama ndani ya zile nyasi. Kweli palikuwa na baridi. Hatukuondoka.

Jumamosi nilimbembeleza mama, akaja. Ukungu ulikuwa mzito, goli la wapinzani halikuonekana. Tulicheza kwa kuitana. Mtu akipanda, mwingine alishuka. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, hatukufungwa. Mechi iliisha bila bao, na sare ile ilitubakisha kwenye daraja letu.

Lakini kuna jambo moja sijamsimulia mtu. Dakika za mwisho Kijiko alipanda, akamezwa na ukungu. Niligeuza shingo. Kushoto palikuwa patupu, na winga wao alikuwa anapakimbilia. Nilishuka mbio.

"Mtu kushoto! Kipa, toka!"

Maneno yalitoka kinywani mwangu, lakini sauti haikuwa yangu. Ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kuamrisha. Beki wa kati alinitazama kwa hofu, kisha akasogea kuziba nyuma yangu. Kipa akatoka. Niliufikia mpira kabla ya winga, nikautoa nje.

Pembeni ya uwanja, ndani ya ukungu, mama alisimama akaita jina la dada.

Niliitika.